Skrubu Aliyoikaza Mwenzangu

Mimi ni fundi umeme wa jengo moja la ghorofa nne mjini Bukoba, na kama hujawahi kuwa fundi wa jengo, acha nikueleze: watu wanakukumbuka umeme ukizimika tu. Ukiwaka, hakuna anayepanda ngazi kuja kukwambia asante. Silalamiki. Ah, nalalamika, nidanganye kwa nini. Lakini kwa miaka mingi halikunisumbua sana jambo hilo, kwa sababu tulikuwa wawili.

Mwenzangu alikuwa mtu wa Ijumbi, huko Muleba. Tuliingia kwenye jengo lile pamoja, kuta hazijapigwa lipu, tukavuta nyaya zake zote kwa mikono yetu. Tulikuwa tunaitana Fundi, mimi kwake na yeye kwangu, mpaka wapangaji wakawa hawajui yupi ni yupi. Mtu akiita "Fundi" pale kwenye ngazi tunaitika wote, halafu tunaanza kusukumiana. "Umeitwa wewe." "Mimi? Sauti ile ilikuwa inakutafuta wewe kabisa." Wazee wazima, tunabishana kama watoto wa shule. Mke wangu alikuwa ameshafariki wakati huo, binti yangu ameolewa Mwanza, na nyumbani kwangu Nshambya tulikuwa mimi, kuku saba na redio. Kwa hiyo ukiniuliza nilikuwa naishi wapi, nilikuwa naishi kazini. Nshambya nilikwenda kulala.

Kuna kifaa kwenye jengo lile ambacho lazima nikieleze, la sivyo hutanielewa mbele. Ghorofa ya chini kuna mgahawa, na jikoni mwake mna majiko makubwa ya umeme ya kukaangia chipsi na samaki. Breka ya majiko hayo haiko jikoni. Iko kwenye chumba cha umeme nyuma ya ngazi, na mlango una kufuli. Sasa mafuta yakishika moto mpishi afanye nini, aanze kutafuta ufunguo? Ndiyo maana breka ile imewekewa koili ndogo ubavuni; sisi mafundi tunaiita shanti tripu. Kutoka kwenye koili kuna waya unaokwenda mpaka kwenye kitufe chekundu mlangoni mwa jiko. Ukibonyeza kitufe, koili inapata umeme, inaipiga breka, breka inaanguka, majiko yanazimika. Waya mwingine unatoka kwenye mtambo wa kengele ya moto, ili moshi ukifika darini breka ianguke yenyewe hata kama jikoni hakuna mtu.

Ni kifaa kizuri, ila kina tabia moja mbaya. Koili ile lazima ipate umeme ndipo ifanye kazi. Waya wake ukichomoka haikwambii kitu. Taa zinawaka, mafuta yanachemka, kitufe chekundu kiko pale ukutani kinapendeza, kumbe kimekufa. Utajua siku ya shida. Kwa hiyo inabidi ukijaribu kila mwezi, na kukijaribu sawasawa kunataka watu wawili.

Sisi tulikijaribu kila Jumatatu ya kwanza, asubuhi, kabla mpishi hajawasha majiko. Mimi nilisimama jikoni kwenye kitufe, yeye chumba cha umeme kwenye breka. Simu hatukutumia, tulipaziana sauti kupitia ngazini. Aliniambia bonyeza, nikabonyeza, halafu nikamsikia anasema, "Imeanguka." Baada ya hapo aliufungua waya wa koili kwenye skrubu yake, akapima kwa testa kama umeme unafika kutoka kwenye kitufe na kutoka kwenye kengele, akaurudisha, akakaza, akasaini kadi iliyoning'inia nyuma ya mlango. Kukaza skrubu ilikuwa kazi yake siku zote. Na akishakaza, aliuvuta ule waya mara mbili. Nilimcheka sana kwa hilo.

"Mara ya kwanza ni ya kazi," alikuwa ananiambia. "Ya pili ni ya baba."

Baba yake alipozeeka alipoteza kumbukumbu. Alifika mahali akawa anasimama katikati ya kibanja chake mwenyewe, kwenye migomba aliyoipanda kwa mkono wake, anauliza hapa ni kwa nani. Mwenzangu alimwuguza mpaka mwisho, na kitu kile kilimwingia. Hakuogopa umeme, hakuogopa kupanda juu, aliogopa kusahau tu. "Siku nikisahau skrubu moja, Fundi, usinifiche," aliniambia zaidi ya mara moja. "Uniambie niende nyumbani." Nami nikamtania: wewe usahau? Wewe unayekumbuka nilichokula Pasaka ya mwaka juzi?

Sasa nije kwenye Novemba ile, miaka miwili iliyopita.

Novemba kwetu ni mvua na senene, wale panzi wa kuliwa wanaofuata taa, na anayeishi Bukoba anajua mji unavyokuwa senene wakishuka. Mpangaji mmoja wa ghorofa ya nne alipanda juu ya paa, akafunga taa kubwa kubwa na mabati na mapipa, akawavuna kwa magunia. Sikumlaumu, na mimi nilikula. Shida ni kwamba senene hawakubaki kwenye mapipa. Asubuhi ulikuta wamejaa ngazini, maofisini, darini, na wengine wakawa wanajipenyeza ndani ya vile vifaa vya kutambua moshi. Kifaa kile hakina akili ya kutofautisha moshi na mdudu. Senene akiingia ndani, kinapiga kengele, koili inaipiga breka, na jikoni chipsi zinabaki nusu mbichi kwenye mafuta yanayopoa. Kwa wiki moja ilitokea mara tatu. Mwenye mgahawa akawa ananifokea kana kwamba senene nimewazaa mimi. Mwenye jengo akapiga simu: fanyeni kitu.

Siku hiyo mwenzangu hakuwepo, alikwenda msibani kwao. Nilikuwa peke yangu, kengele imeshanipandisha na kunishusha ngazi tangu asubuhi, magoti yanauma, nimekasirika. Kazi halali ilikuwa kushusha kila kifaa darini na kukisafisha, na ngazi ya kupandia inataka mtu wa kuishika. Au ningeweza kuchomoa waya wa kengele peke yake na kuacha ule wa kitufe. Hata hilo lilinishinda kwa uvivu. Nyaya zile mbili zilikuwa zinakutana kabla ya kuingia kwenye koili, kwenye skrubu moja. Nikafungua skrubu ile, nikatoa waya, nikaukunja pembeni. Dakika moja. Nikajiambia ni wiki mbili tu, senene wakiisha nitaurudisha. Nikafunga kufuli, nikapanda ghorofa ya nne, mpangaji alikuwa ameniwekea senene wa kukaanga kwenye sahani.

Mwenzangu aliporudi sikumwambia. Sikusahau kumwambia, ieleweke. Nilijua angeurudisha saa ile ile na kelele za mwenye mgahawa zingeanza upya, kwa hiyo nikanyamaza.

Moto ulitokea Jumamosi moja mchana, siku kama kumi baadaye. Mafuta ya jiko moja yalishika. Mpishi, mama mmoja mtulivu wa Rubafu, alifanya kila tulichomfundisha: alirudi nyuma, akabonyeza kitufe. Akabonyeza tena. Akabonyeza mara ya tatu. Majiko yakaendelea kupika. Alipoona moto unapanda akajaribu kulifunika jiko kwa mfuniko wa sufuria, na mafuta yakamrukia mkono wa kulia kuanzia kiganjani hadi kwenye kiwiko. Mwenzangu alikuwa karibu. Alifungua kufuli, akaishusha breka kwa mkono, akarudi na mtungi wa kuzimia moto. Mimi nilikuwa ghorofa ya nne nabadilisha taa. Nilipofika chini moto umezimwa, dari nyeusi, mama amekaa kwenye kidato cha ngazi, mkono ndani ya beseni la maji.

Alipokwisha kupelekwa hospitali, mwenye jengo akauliza swali ambalo mtu yeyote angeuliza: kitufe kilikuwa na nini? Tukaingia chumba cha umeme watu watatu. Mwenzangu akaelekeza tochi kwenye koili, na waya ulikuwa pale pembeni, umekunjwa, ncha yake hewani. Kadi nyuma ya mlango ilikuwa na saini yake ya mwanzo wa mwezi ule. Aliushika ule waya kwa vidole viwili. Hakuna aliyekuwa amemtuhumu bado.

"Nilisahau," akasema. "Niliufungua kupima, sikuurudisha."

Nilikuwa nimesimama hatua moja kutoka kwake. Maneno yote ninayokuandikia hapa nilikuwa nayo mdomoni. Nimejaribu kujidanganya kwamba nilipigwa na bumbuwazi. Si kweli. Niliwaza polisi, nikawaza ndugu za yule mama wananijia mlangoni, nikawaza kazi nitaipata wapi na umri huu. Niliogopa, basi. Nikatazama sakafu, na mwenye jengo akamtazama yeye.

Hakufukuzwa. Jumatatu aliacha funguo mezani mwenyewe. Nilimsindikiza stendi, na njiani alinieleza jambo ambalo sikuwa na nguvu ya kulisikia: kwamba tangu Jumamosi amekaa anajaribu kukumbuka asubuhi ile ya kupima, na anajiona anakaza skrubu, anajiona anauvuta waya mara mbili. "Naiona kabisa, Fundi. Naiona na haikutokea. Baba naye alikuwa hivyo hivyo, anakusimulia jambo zima na halikutokea." Nikamwambia asiwaze sana. Hilo ndilo nililomwambia, asiwaze sana.

Miaka miwili imepita hivyo. Mwenye jengo alitaka kuniletea mtu mwingine, nikakataa, nikasema naweza. Naweza nini? Jumatatu ya kwanza ya mwezi nabonyeza kitufe jikoni, halafu nazunguka ngazi, nafungua kufuli, naangalia kama breka imeanguka. Imeanguka, nasema, peke yangu, kwa sauti. Kisha nairudisha, nafungua waya wa kengele ili nipime kitufe peke yake, narudi jikoni, nabonyeza tena, nazunguka tena, naurudisha waya, nakaza. Kazi ya dakika kumi inachukua saa nzima. Mtu akiita Fundi naitika mara moja, hakuna wa kusukumiana naye. Chakula cha mchana nakula juu ya paa, nimetazama ziwa, na siku nyingine nagundua tangu asubuhi nimeongea na breka na kuku tu.

Kanisani niliendelea kwenda. Ila ikifika zamu ya benchi letu kwenda kupokea ushirika, nasogeza magoti ili wenzangu wapite, nabaki. Mara ya kwanza mama jirani alidhani naumwa. Baada ya miezi akazoea, akawa ananiruka bila kuniangalia. Mchungaji hakuniuliza. Nilitamani aniulize, na nilikuwa nakaa mbali naye asije akaniuliza.

Mwanzoni nilikuwa nampigia simu mwenzangu kila wiki. Nikaacha, kwa sababu kila nilipompigia alikuwa ananiomba msamaha. "Samahani Fundi, nimekuachia mzigo wote peke yako." Unamjibu nini mtu kama huyo? Unasema usijali. Ukikata simu unakaa kitandani, na redio ipo lakini huiwashi.

Mwaka huu, masika yakiwa yameanza, mke wake alinipigia. Hakuwa amewahi kunipigia kabla. Tukasalimiana, akaniuliza hali ya kazi, halafu akashusha sauti.

"Shemeji, nakuuliza wewe kwa sababu umekaa naye kuliko mimi. Alianza lini kusahau?"

Nikamwuliza kwani vipi. Akanieleza. Mumewe amekuwa mtu wa daftari, kila kitu anaandika: nimefunga mlango, nimemfunga ng'ombe, nimekunywa chai. Hawashi moto. Jirani alimwita amsaidie kufunga taa mbili, akasema mikono yake haifai. Mchana akienda kibanjani, yeye mke anamfuata kwa mbali anajifanya anaokota kuni, asije akapotea kama baba yake. "Na sasa ukoo utakaa Jumapili," akasema. "Mdogo wake anataka akabidhiwe kibanja asimamie yeye, kwa sababu kichwa cha kaka yake kimechoka. Na yeye mwenyewe amekubali. Hilo ndilo linaloniumiza, amekubali bila kubisha. Nilitaka tu kujua alianza lini, nikamweleze daktari."

Nikamjibu, "Sijui, shemeji."

Nikakata simu nikiwa na jibu hilo mdomoni, na nilijichukia kiasi ambacho siwezi kukisema. Mimi ndiye mtu pekee duniani aliyejua kwamba kichwa kile ni kizima. Mtu mmoja tu, na mtu huyo anajibu sijui. Ilikuwa Alhamisi. Ijumaa nilifanya kazi vibaya, nikakosea hata balbu. Jumamosi asubuhi nilikwenda Muleba, nikachukua bodaboda mpaka Ijumbi.

Nilimkuta barazani anachambua maharage. Alikuwa amepungua, shati limekuwa kubwa. Alifurahi kuniona, alifurahi mno, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili na hakuuachia haraka. Akamwita mkewe, akaniletea kiti, akaniletea kahawa ya kutafuna kwenye kisahani. Halafu akachukua daftari kando yake, akatazama saa, akaandika. Nilisoma kutoka pale nilipokaa: Fundi amekuja, saa nne na nusu.

"Usinicheke," akasema. "Inanisaidia."

"Acha kuandika kwanza," nikamwambia. "Nina neno."

Nilikuwa nimeliandaa njia nzima, kwa adabu, kwa kuzunguka, na lote likanitoka kichwani. Nikasema moja kwa moja. "Ule waya niliutoa mimi. Ulipokwenda msibani. Senene walikuwa wanapiga kengele, nikafungua skrubu nikautoa, nikanyamaza. Wewe hukusahau kitu."

Aliendelea kuchambua maharage. Akatoa jiwe dogo, akaliweka pembeni. Nikadhani hakusikia, au alisikia na hakuelewa, nikaanza kurudia, akainua mkono nikae kimya.

"Msiba wa nani?" akaniuliza.

Nikamtajia. Alikuwa mama yake mkubwa.

"Siku gani?"

"Jumanne. Wiki iliyofuata baada ya kupima."

Akanisogezea daftari na kalamu. "Chora."

Nikachora. Breka, koili, waya wa kitufe, waya wa kengele, mahali nyaya zinapokutana, skrubu. Mistari ikatoka ovyo. Akavuta daftari, akaangalia kwa muda mrefu kama alivyokuwa anaangalia michoro zamani, kidole kikifuata mstari kutoka mwanzo hadi mwisho. Akafika kwenye skrubu, kidole kikasimama pale.

"Uliikuta imelegea?"

"Hapana."

"Sema vizuri."

"Niliikuta umeikaza. Bisibisi ya kwanza iliteleza. Ilibidi nichukue ile kubwa, na niisukume kwa bega ndipo ikafunguka."

Hapo ndipo uso wake ulipobadilika. Sijawahi kuona kitu kama kile na sitaki kukiona tena. Hakikuwa hasira. Alionekana kama mtu aliyeambiwa kwamba aliyezikwa hakuwa amekufa. Alifunga macho, midomo ikawa inacheza, na nadhani alikuwa anairudia asubuhi ile yote, skrubu, mvuto wa kwanza, mvuto wa pili, na safari hii aliiacha ibaki kuwa kweli. Kisha akamwita mkewe kutoka jikoni.

"Mwambie," akaniambia.

Nikamweleza shemeji kwa Kihaya, kwa sababu kwa Kiswahili ningepata pa kujificha. Alisikiliza akiwa amesimama, mikono ina unga. Nilipomaliza hakunitukana. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa, ningeshukuru.

"Nilikupigia simu Alhamisi," akasema.

"Ndiyo, shemeji."

"Nikakuuliza."

"Ndiyo."

Akamtazama mumewe, na mumewe akamtazama, na kwa muda ule mimi sikuwepo. Shemeji akaketi chini kwenye mkeka, akaweka mkono juu ya goti la mume wake, akaanza kulia taratibu, na mwenzangu akamwambia kwa Kihaya, polepole, mara mbili tatu, kwamba hakusahau. Sikusahau, mama. Niliikaza. Mimi nikasimama. Sikujua kama niage au nifanye nini. Nikamwambia mwenzangu kwamba Jumapili nitabaki, nitasimama mbele ya ukoo wao niseme, akasema hapana haja, ukoo atauambia mwenyewe, ana mdomo.

Nikasubiri aseme jingine. Kwetu mgeni haondoki peke yake, hata mgeni asiyependwa unamtoa mpaka njia kuu. Alikuwa bado ameshika bega la mkewe.

"Njia unaijua," akasema.

Jumatatu nilimwambia mwenye jengo. Nilitegemea atanifukuza, na nusu yangu ilitaka hivyo. Alipumua, akasema mambo hayo yameshapita, tena hana mtu mwingine anayelijua jengo, niendelee. Alimpigia mwenzangu kumwomba arudi, akaambiwa asante, hapana. Halafu nikakwenda Rubafu kumtafuta yule mama mpishi, ambaye hapiki tena kwa watu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Aliutazama mkono wake, ngozi iliyovutika pale kwenye kiwiko, kisha akanitazama mimi.

"Yule mwenzako nilishamsamehe," akasema. "Ilinichukua mwaka mzima. Sasa wewe itabidi nianze upya."

Nikamwambia asiharakishe.

Mwezi uliopita niliingia duka la vifaa vya umeme kununua fyuzi. Muuzaji, ambaye anatujua sote wawili tangu tukiwa na nywele nyeusi, akaniambia mwenzangu alikuwepo pale juzi. Amepata kazi ya kuweka umeme kwenye jengo jipya huko Muleba, kazi kubwa, na alikuja kuchagua breka mwenyewe. Hakuwa na daftari wala karatasi. Alitaja vifaa vyote kwa kichwa, kimoja baada ya kingine, hadi idadi ya skrubu, na muuzaji alipokosea hesabu ya vipande vya kebo yeye ndiye aliyemkumbusha. Amenenepa kidogo, akasema. Alikaa dukani karibu saa nzima, wakapiga soga. Aliuliza habari za mvua, habari za watoto wa muuzaji mmoja mmoja kwa majina yao, habari za ile barabara inayochimbwa.

"Mimi aliniulizia?" nikamwuliza.

Muuzaji akashughulika kufunga fyuzi kwenye karatasi. Akasema huenda alisahau.